Picha za jagi linalozunguka: kupepesa kwa mwanga na kusita mwanzoni mwa mzunguko

Ndugu, umeeleza kwamba ulipiga picha 25 za jagi ukiligeuza kidogo kidogo mpaka likamaliza duara, ukaziunganisha kuwa GIF (faili la picha zinazopishana na kujirudia kama video fupi), lakini mwanga unapepesa na jagi linasita kila mzunguko unapoanza upya. Nilihangaika na kasoro hizo hizo kwa muda mrefu nikiilaumu programu, kumbe zilikuwa zimeingia kabla sijawasha kompyuta.

Kupepesa hutokana na kamera iliyoachwa ijiamulie yenyewe. Katika jaribio langu la kwanza, kila mkono mweusi wa jagi ulipoelekea lenzi, kamera ilidhani giza limeongezeka, ikaongeza mwanga, na ukuta wa kijivu uliokuwa nyuma ukakaribia kuwa mweupe. Tangu siku hiyo huiweka kamera kwenye stendi, hufunga mapazia na kutumia taa moja, kisha hufunga mipangilio ya mwangaza, fokasi na mizani ya rangi nyeupe (inayoamua weupe uonekane vipi) isijibadilishe, kabla ya picha ya kwanza. Hata mimi mwenyewe husimama pale pale, kwa sababu kivuli cha mpigaji nacho hupepesa.

Kusita ni suala la hesabu. Ukigawa nyuzi 360 kwa hatua 24, kila hatua ni nyuzi 15, na picha ya mwisho inapaswa kuwa ya nyuzi 345. Picha yako ya 25 imerudi kwenye sifuri, kwa hiyo mtazamaji anaiona sura ile ile mara mbili mfululizo. Kwa kitu kinachofunguka bila kuzunguka, kama kitabu, mimi hurudi kinyumenyume: picha 12 huenda kutoka ya 1 hadi ya 12, kisha kutoka ya 11 hadi ya 2, jumla fremu 22 (fremu ni kila picha inayoonyeshwa kwa zamu), bila kurudia zile za ncha.

Katika GIMP, programu ya kuhariri picha, fungua picha zote kama tabaka, yaani zikiwa zimepangwa moja juu ya nyingine, ukikumbuka kwamba tabaka la chini kabisa ndilo fremu ya kwanza. Muda wa fremu unaweza kuuandika kwenye jina la tabaka, kwa mfano (100ms), yaani milisekunde 100, ambao kwa jagi naona unatosha. Punguza upana hadi pikseli 480 hivi, maana ukipunguza pande zote mbili kwa nusu, pikseli zinazobaki ni robo tu. GIF haibebi zaidi ya rangi 256 kwa fremu, hivyo ukuta wenye kivuli kinachofifia polepole utatoka na mistari. Karatasi ya rangi moja nyuma ya jagi, iliyomulikwa sawasawa, hupunguza tatizo hilo na faili huwa jepesi zaidi.

Mwanga utakulazimu upige picha upya. Kusita hakuhitaji hivyo: futa picha ya 25, uhifadhi tena.