Fisi wadogo wanajuanaje?

SWALI: Nimesikia watoto wa fisi wanazaliwa wanapigana, sasa urafiki unaanzia wapi?

JIBU: Kweli kabisa, fisi madoa anazaliwa macho wazi na meno tayari, mara nyingi mapacha, kwahiyo siku ya kwanza tu wanang'atana kujua nani mkubwa. Ila wakifika kama wiki 2 mpaka 4 mama anawabeba mdomoni kuwapeleka pango la pamoja na hapo ndo raha inaanza, wanacheza na wenzao na wanajifunza kusalimiana, yaani mnasimama kichwa kwa mkia, unanyanyua mguu wa nyuma mwenzio anakunusa hukohuko (msicheke jamani). Kunyonya lakini kila mtoto kwa mamake. Na cheo ni cha kurithi, mtoto wa bosi anamtishia hata jimama zima, mamake yuko nyuma anamsapoti.