Kujitegemea kwa Thoreau na Douglass: fuata hesabu za pesa

Swali: Mhadhiri amenirudishia insha kuhusu kujitegemea kama tunu ya jamii katika fasihi ya Marekani ya karne ya 19. Nimetumia Walden, kitabu cha Thoreau kuhusu maisha yake kibandani, na masimulizi ya maisha ya Frederick Douglass. Ameandika, "Unasimulia, huhakiki." Nirekebishe vipi?

Jibu: Anza na pesa. Katika sura ya kwanza ya Walden (1854), ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, Thoreau anaorodhesha gharama za kibanda chake: misumari dola 3.90, matofali makuukuu elfu moja dola 4, na kadhalika, hadi jumla ya dola 28 na senti 12 na nusu. Ukiinukuu orodha tu, umesimulia. Tafuta inabishana na nini. Katika sura hiyohiyo anasema nyumba ya kawaida hapo jirani iligharimu yapata dola 800, na kibarua angehitaji miaka 10 hadi 15 kuzikusanya. Kwake, basi, bei ya kitu ni sehemu ya uhai unaoitoa ili ukipate. Hiyo ndiyo hoja ya kuhakiki.

Kisha angalia orodha inakaa kimya wapi. Ardhi ilikuwa ya rafiki yake, mwandishi Emerson. Shoka aliazima. Mbao alizipata kwa kubomoa kibanda cha James Collins, Mwairishi aliyefanya kazi ya reli, alichokinunua kwa dola 4.25, na familia ile ikahama alfajiri. Wanafunzi wengi wakifika hapa humwita Thoreau mnafiki, na insha inafia hapo. Shoka na Collins kawataja mwenyewe. Uliza kwa nini havimtikisi.

Douglass (1845) usimtie kapu moja naye. Huko Baltimore, akiwa bado mtumwa, alikuwa fundi wa kukalafati meli (kuziba nyufa zake), akipata hadi dola 1.50 kwa siku, na kila wiki alimkabidhi bwana wake, Hugh Auld, ujira wote. Akileta dola 6, pengine alirudishiwa senti 6 za kumtia moyo. Douglass anazisoma senti hizo kama ungamo: anayekurudishia kidogo anajua kwamba zote ni zako. Ustadi anao, bidii anayo, lakini sheria inamnyang'anya jasho lake. Kujitegemea kwake kunadai kwanza mtu ajimiliki mwenyewe, jambo ambalo Thoreau hakulazimika kulipigania.

Kila aya iwe na tarakimu moja, inachobishana nacho, na inachoficha. Wasifu wa waandishi usizidi sentensi mbili.