Fundi Anajibu: Gari-nyumba Likilala Msimu wa Baridi

Fundi, gari-nyumba langu litakaa nje miezi minne kwenye theluji. Betri za asidi hazitaganda?

Zikiwa zimejaa, hazigandi mpaka baridi ikaribie nyuzi 60 chini ya sifuri. Zikiwa tupu ni habari nyingine: asidi inakuwa imebaki karibu maji matupu, huganda nyuzi chache tu chini ya sifuri na kupasua boksi. Kwa hiyo chaji hadi zijae, ziache saa kadhaa, ndipo upime kwa multimita. Volti 12.6 au 12.7, lala usingizi. Ikisoma 12.4, robo nzima imeshaondoka. Rudisha kwenye chaja. Betri ikiachwa muda mrefu bila chaji, salfeti hugandamana kwenye bamba za risasi, na hapo hakuna chaja itakayokurudishia uwezo wote.

Nazima kila kitu, lakini kila mwaka naikuta betri ya nyumba, ile ya taa na vifaa vya ndani, imekufa. Umeme unakwenda wapi?

Unadhani umezima kila kitu. Kengele ya wezi, kitambuzi cha gesi, redio inayotunza saa, kifaa cha kufuatilia gari: vyote vinanyonya kidogo kidogo usiku na mchana. Tuseme kwa pamoja vinakula miliampea 50. Kwa siku ni ampea-saa 1.2, kwa mwezi 36. Betri ya ampea-saa 100 haimalizi mwezi wa tatu.

Dawa ni kuchomoa waya. Kama una sola, ondoa kwanza paneli kwenye kidhibiti chake, kisha fungua waya hasi wa betri, chanya mwishoni. Ukianza na chanya, spana ikateleza ikagusa bodi, utaona cheche ambazo hukuziomba. Wakati wa kurudisha, anza na chanya, malizia na hasi. Ila hakikisha kwanza namba ya siri ya redio unayo, na kwamba kengele haitaanza kulia ikikosa umeme. Na usitegemee paneli iliyofunikwa na theluji. Hiyo ni mapambo.

Mume wangu huwasha injini dakika tano kila Jumamosi "kuipasha betri". Inasaidia?

Hapana, dada, inaharibu. Stata inachota umeme mwingi kwa mkupuo, na dakika tano za injini kusimama ikinguruma hazitoshi kuurudisha. Tena injini haipati moto vya kutosha, basi unyevu unabaki ndani ya eksozi na kwenye oili. Aende nalo barabarani nusu saa au zaidi, mpaka lipate moto sawasawa, au aliache lilale.

Naweza kuacha chaja imechomekwa msimu mzima?

Kama ni ya kisasa, ambayo betri ikijaa inashuka yenyewe hadi volti 13.5 hivi, iache. Zile kuukuu zinazosukuma tu bila kujua kusimama zitachemsha betri mpaka maji yaishe. Betri ya kufunguliwa vizibo uichungulie: bamba zikionekana ziko wazi, ongeza maji ya betri mpaka zifunikwe tu, na kilichobaki ujazie baada ya kuchaji. Chumba kiwe na hewa, na sigara mbali, maana betri ikichajiwa hutoa haidrojeni.

Yangu ni ya lithiamu. Nifanye vivyo hivyo?

Ni kinyume. Usiijaze, iache nusu au zaidi kidogo, uitenganishe na kila kitu, chaja pia. La kushika ni moja: usiichaji ikiwa na baridi chini ya sifuri. Ukiichaji hivyo, lithiamu hujipaka kama tabaka la metali ndani ya seli, na madhara yake hayafutiki. Nyingi zina ulinzi unaokata chaji kwenye baridi, lakini soma kitabu chake kabla ya kuuamini. Inayobebeka, iingize ndani.

Na maji?

Yatoe yote: tangi, boila, pampu. Washa pampu sekunde chache imalizie yaliyobaki, halafu uizime. Mabomba yaache wazi, mkono wa bomba ukiwa katikati ya maji moto na baridi, na bomba la kuogea lining'inie chini. Kwenye mitego ya sinki, yale mabomba yaliyopinda chini yake, mimina kizuia-baridi cha propilini glaikoli. Kile cha rejeta ni sumu, kisiguse kabisa mfumo wa maji ya kunywa.

Hendibreki nivute?

Usivute, itanasa. Tafuta mahali tambarare, tia gia, weka vizuizi kwenye tairi.