Nani Yumo Ndani ya Deraya? Kutazama Katuni ya Upelelezi na Watoto

Kwa watoto wa miaka sita hadi kumi, iwe Mikindani au Lindi mjini, katuni nzuri ya kuanzia upelelezi ni kipindi cha kwanza kabisa cha Scooby-Doo, katuni ya vijana wapelelezi na mbwa wao, kilichoonyeshwa Marekani Septemba 1969. Ni cha dakika zisizozidi 25, na ushahidi wake mwingi unaonekana waziwazi. Kitazame peke yako kwanza, kwa sababu hapa chini mhalifu anatajwa.

Kabla ya kuwasha, eleza makumbusho ni nini. Asiyejua hataona kwa nini mtu katika kisa hiki ahangaike na picha za ukutani. Huku kwetu mfano upo: mifupa ya mjusi mkubwa iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kuanzia 1909, ambayo sasa iko makumbusho ya Berlin. Waambie kuna wataalamu wanaotazama mfupa wakajua huu wa kweli, huu wa plasta. Jambo hilo la mtaalamu ndilo fundo la kisa kizima.

Kisa chenyewe: deraya, yaani vazi la chuma la askari wa zamani, inapelekwa makumbusho. Profesa kutoka Uingereza aliyekuwa akiisafirisha ametoweka. Bwana Wickles, msimamizi wa makumbusho, anadai deraya hiyo hupata uhai mwezi ukiwa mpevu.

Simamisha mara tatu tu. Ukizidisha, watoto wanachoka na utamu unakwisha. Mara ya kwanza ni Wickles anapomaliza hadithi yake ya mzimu. Uliza: nani ametuambia habari hii? Usiongeze neno. Mara ya pili ni baada ya miwani ya ajabu wanayoipata vijana kutambuliwa kuwa ya wataalamu kama wachimba mambo ya kale, tena imetengenezwa Uingereza. Hapo karibu wote watamtaja profesa. Waache. Miwani ni chambo, na wakisahihishwa mapema hawatakuwa na cha kugundua. Mara ya tatu ni inapoonekana rangi ya kuchorea. Sasa uliza: nani anaingia humu usiku bila kuvunja kitasa, na nani anapata faida picha halisi ikibadilishwa na bandia? Wickles. Profesa alifungiwa kwa kuwa angezitambua picha bandia.

Wape karatasi yenye safu tatu: nani, tumeona nini, anafaidi nini. Safu ya tatu huwa tupu muda mrefu, ni kawaida.

Kiingereza kisikutishe. Tafsiri maneno ya Wickles na maelezo ya miwani. Mbio za Shaggy, mmoja wa vijana hao, na mbwa wake hazihitaji mkalimani. Mtoto mdogo akiogopa mzimu, mnong'oneze kwamba ndani kuna mtu, lakini usiseme nani. Na yule kaka aliyekwisha kuitazama mpe kazi ya kuandika, la sivyo ataropoka.

Kesho yake watungieni kisa cha nyumbani. Msimu wa korosho una ushahidi mzuri kuliko alama za vidole: maji ya bibo yakikauka kwenye nguo, doa lake halitoki kirahisi hata kwa sabuni. Mtu anayeapa hajakanyaga shambani, huku shati lake lina doa hilo kifuani, aanze kuandikwa kwenye safu ya kwanza.