Kwa mwanangu, kabla hujalipia pikipiki

Marahaba mwanangu. Nimefurahi umeuliza kabla ya kutoa hela. Unataka kujua pikipiki ya kwanza uchukue ipi: Boxer mpya ya cc 125, au Honda XR 250 iliyotumika anayouza mwalimu mwenzako, maana bei zimekaribiana na unaona ile kubwa ndiyo itakayomudu milima ya Makete.

Chukua Boxer.

XR ni pikipiki nzuri, sina ugomvi nayo. Ila kiti chake kiko juu, zaidi ya sentimita 85 kutoka chini, na wewe kimo umerithi kwangu. Anayeanza mara nyingi huanguka pikipiki ikiwa karibu kusimama: anageuza, au anaanza kupanda halafu injini inamzimikia. Hapo anayekuokoa ni mguu uliofika chini. Kwenye utelezi wa Januari, ncha ya kiatu haishikilii kitu.

Na milima nimeipanda sana nilipokuwa bibi shamba, kwa pikipiki ndogo za ofisi. Ingiza gia ya chini mapema, kabla haijaanza kulalamika. Kushuka ni hivyo hivyo, injini iizuie, breki zisaidie tu.

Nenda dukani umevaa viatu utakavyoendeshea. Kaa, inua stendi, nyayo zote mbili zilale chini. Kisha shuka, shika usukani, uisukume kinyumenyume peke yako. Ikikushinda hapo kwenye sakafu, njiani itakulalia. Uliza pia gia zinaingiaje, kwa sababu nyingine zote zinakanyagwa mbele, na nyingine ya kwanza ni chini, zilizobaki unazinyanyua.

Halafu spea. Cheni, plagi, kebo ya klachi za Boxer utazipata popote penye kijiwe cha bodaboda, na fundi wa hapo anaijua. Ya XR utaagiza Dar, usubiri, huku unatembea kwa miguu kwenda shule.

Kama moyo bado uko kwenye ile ya mwalimu, ikague angalau. Ishike injini kwa mkono kabla haijawashwa; ukikuta ya moto, rudi siku nyingine, uone inavyowaka ikiwa baridi. Vuta cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa, lile duara la meno kwenye tairi la nyuma. Ikiachia mpaka meno yakaonekana, imekwisha. Namba za injini na chesisi zilingane na kadi, na jina libadilishwe TRA, msiachiane kwa maneno ya kirafiki.

Watakuambia breki ya mbele inarusha mtu. Mwanangu, kwenye lami kavu ndiyo inayofanya kazi kubwa, kwa sababu ukifunga breki uzito mwingi unakuja mbele. Ikamue taratibu, usiidake. Kwenye tope iguse kidogo sana.

Kofia ngumu usinunue ya mtumba hata ikiwa inang'aa. Povu gumu la ndani likishabonyea kwa ajali, kwa nje huwezi kujua. Nataka inayofunika kidevu, na ukishaifunga ukatikisa kichwa isicheze. Hiyo nalipia mimi. Pima kichwa kwa futikamba, juu kidogo ya nyusi, unitumie namba kabla ya Alhamisi. Baba yako anakwenda Njombe siku hiyo.