Nyota mchanga au nyota changa?

Swali: Mwalimu shikamoo. Natafsiri habari ya wanaastronomia, nimeandika "wanatafuta sayari kwa picha za moja kwa moja kwenye nyota wachanga wa jirani". Rafiki yangu kasoma akacheka, eti nimeandika habari ya mpira. Nimekosea wapi?

Marahaba. Rafiki yako hajakuonea. Nyota ya angani iko ngeli ya I-ZI, nyota hii, nyota hizi, kwa hiyo ni nyota changa, iwe moja au mia, kama embe changa. Ukishasema nyota mchanga umempa uhai, huyo ni dogo wa miaka 18 kasajiliwa juzi. Na usiniletee mwezi mchanga, mwezi ni U-I ndo maana unabeba m-.

Neno -changa lenyewe umelipatia kabisa, usibadilishe liwe "mpya". Chukua nyota moja iitwayo Beta Pictoris, ina kama miaka milioni 20 tu, jua letu lina bilioni 4.6, yaani ile bado ina vumbi limeizunguka kama sahani, na sayari zake ni kama andazi lililotoka kikaangoni sasa hivi, hazijapoa tangu ziumbwe, ndo maana wataalamu wanakimbilia nyota changa, ule moto unanaswa na kamera za infraredi, yaani zinazoona joto.

Kinachonisumbua mimi ni "moja kwa moja". Kwenye TV hiyo ni laivu! Sasa Beta Pictoris iko umbali wa miaka nuru 63 hivi, mwanga unaoingia kwenye darubini leo ulitoka huko enzi tunapata uhuru, laivu gani hiyo? Wanachomaanisha ni kuiona sayari yenyewe, sio kujua tu kwamba ipo kwa kuangalia nyota yake inavyoyumba au kufifia. Ndani ya darubini wanauziba mwanga wa nyota, kama unavyokinga jua kwa kiganja ili umwone mwewe, halafu kinabaki kidoa pembeni. Kwa kupigwa picha zenyewe ndivyo zilivyopatikana sayari tatu za HR 8799, nyota nyingine changa, mwaka 2008, kwa darubini za Keck na Gemini kule Hawaii, ya nne ikaja 2010.

Mimi ningeandika: "wanatafuta sayari kwa kuzipiga picha zenyewe, kwenye nyota changa za jirani". Jirani liache, ingawa huyo huwezi kumtuma mtoto akaombe chumvi.