Shujaa Wako Anamdai Nani?

Juzi nimepokea ujumbe: "Dada, riwaya yako nimeimaliza usiku mmoja. Na mimi nataka kuandika ya binti fukara wa Uingereza ya zamani anayetajirika kwa kushona. Nianzie kwenye mapenzi au kwenye mateso?" Nimeusoma zaidi ya mara moja, hasa pale kwenye usiku mmoja. Mwacheni mtu afurahi.

Jibu langu: anzia kwenye deni.

Hadithi nyingi za kutoka umaskini hukimbilia machozi sura ya kwanza, halafu tajiri mwenye huruma anatokea mbele huko na mambo yananyooka. Pesa imetoka wapi, hakuna anayeuliza. Mimi nimelelewa barazani kwa fundi cherehani, Magomeni. Mama alikuwa na Singer ya miguu, na pembeni yake, chini ya chaki na futi, daftari la wadaiwa. Mke wa mkubwa anachukua gauni la harusi Ijumaa, anasema, "Fundi, nitakupitia Jumatatu." Jumatatu hiyo huwa ya mwezi mwingine. Muuza vitumbua ndiye aliyelipa taslimu, noti zikinuka mafuta.

Nilipoanza kusoma habari za London enzi za Malkia Victoria, nikalikuta daftari lile lile. Mabibi wa tabaka la juu walishonesha kwa mkopo, wakalipa walipojisikia, wengine baada ya mwaka. Mwenye duka naye hariri kaichukua kwa mkopo. Mzigo wote ukaishia kwa mabinti wa chumba cha kushonea. Mzazi alilipa ada ili mwanawe afundishwe kazi, na binti akakaa hata miaka miwili bila mshahara. Shujaa wangu nikampata hapo.

Kisha kuna msimu. Nyinyi mnaojua duka la fundi wiki ya mwisho kabla ya Idi, mnajua ninachosema. London msimu huo ulichukua miezi: wakubwa wanakuja mjini Bunge likikaa, dansi na karamu kila usiku, kila bibi anataka gauni jipya. Tume ya serikali iliyotoa ripoti yake 1843 iliwasikia washonaji wakieleza siku za saa 18 katika majira hayo. Miaka 20 baadaye, Juni 1863, Mary Ann Walkley, binti wa miaka 20, alikufa kwenye duka moja la magauni ya kifahari mtaa wa Regent Street. Alikuwa ameshona saa 26 na nusu mfululizo, mabinti 30 katika chumba kimoja. Magazeti yalipiga kelele, Karl Marx akamwingiza katika kitabu chake, Das Kapital, na magauni yakaendelea kushonwa.

Sasa, ushauri wa pili, ambao kwa kweli ni ule wa kwanza: usimpe shujaa bahati, mpe ustadi. Desemba 1861 Prince Albert, mume wa Malkia, alipofariki, wenye uwezo walitaka nguo nyeusi, na walizitaka upesi. Nguo ya msiba haingoji. Mshonaji wangu anapandia hapo: anajua kukata haraka bila kuharibu kitambaa, na anadai pesa mkononi kwa sababu aliyefiwa hana muda wa kubembelezana na fundi mwingine.

Ili niiandike sura hiyo nilizima taa, nikawasha mshumaa, nikachukua kitambaa cheusi na uzi mweusi nikaanza kupinda ukingo. Mshono huuoni. Unaupapasa kwa ukucha wa kidole gumba, unahesabu kwa kugusa. Sindano ikikuchoma, damu inaingia kwenye kitambaa na hakuna atakayejua. Macho yaliniwasha hadi kesho yake. Wanaoandika "alishona usiku kucha" kisha wakaruka mstari, hebu wajaribu.

Wasomaji mnanilaumu kwamba shujaa anamkataa muuza hariri, mwanamume mzuri, mpole, anayempenda. Jamani, ni 1866! Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mke alichokipata kwa jasho lake kilikuwa cha mume. Sheria ya 1870 ndiyo iliyomwachia mshahara wake, na ya 1882 ndiyo iliyomruhusu kumiliki mali kwa jina lake. Akisema "ndiyo" kanisani, duka, cherehani na daftari la madeni vinahama siku hiyo hiyo. Ukishaijua sheria, posa inatisha kuliko njaa, na huhitaji kumtafutia mtu mbaya. Tafuteni sheria za mwaka mnaouandika, ndugu zangu. Someni. Mnataka kutajirisha wahusika na hamjui nani alikuwa na haki ya kushika funguo za duka!

Niseme na hili, maana bado linaniuma. Mhariri mmoja aliurudisha mswada wangu na mstari mmoja: "Wewe na London ya karne ya 19 wapi na wapi? Andika ya kwetu." Waingereza wameandika ya kwetu zaidi ya miaka mia bila kutuomba ruhusa. Na deni la fundi si la kwetu? Kuna wiki nilishindwa hata kuufungua ule mswada. Kilichonirudisha ni maisha ya Charles Frederick Worth, mbunifu maarufu wa magauni, Mwingereza, mtoto wa mwanasheria aliyefilisika, aliyeanza kazi akiwa mdogo, akauza vitambaa London, akaenda Paris. Mwaka 1858 alifungua duka pamoja na mwenzake Otto Bobergh, na mteja mmoja mwenye jina, Pauline von Metternich, akamfikisha kwa mke wa mfalme wa Ufaransa. Mteja mmoja tu. Msihangaike kupendwa na kila mhariri, tafuteni mmoja anayeielewa kazi.

Yule wa "ya kwetu" ameniandikia wiki iliyopita kuuliza kama nina mswada mwingine. Ninao. Uko kwa mhariri mwingine.